Mlango wa Pango

Navneet Sandhu aliweka kikombe cha chai ya maziwa mbele ya mpelelezi, akaketi upande wa pili wa meza, akangoja. Polisi walikwisha kuingia jikoni mwake mara nyingi tangu Seerat, bintiye wa miaka tisa, aopolewe kwenye mfereji wa maji nyuma ya shule, na sasa aliujua mwendo wao: kwanza pole, halafu maswali, halafu kimya, halafu viatu mlangoni.

Huyu wa leo hakuanza na pole. Sajini Glenys Pascoe alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye nywele fupi za mvi, aliyetumwa kutoka Adelaide baada ya polisi wa mji mdogo wa Tolarra kukwama. Alikunywa chai mpaka ikafika nusu, ndipo akasema, "Nataka unifundishe habari za masikio yake."

Mama akainua macho. "Hayo yameandikwa na daktari."

"Ya daktari nimesoma. Nataka uliyoyaona wewe."

Navneet alitazama nje, kwenye safu za michungwa zilizokuwa zimechanua. Harufu yake iliingia mpaka jikoni, tamu kupita kiasi.

"Bila mashine za kusikia alisikia mlango ukibamizwa, basi. Na ngurumo. Trekta la baba yake alilisikia kwa miguu. Alikuwa akivua viatu, anasimama kwenye udongo, ananiambia, 'Baba amefika kwenye mabirika.' Hakukosea. Akivaa mashine alinisikia nikimwita. Lakini mashine hazichagui, Sajini. Mimi na wewe tukiwa sokoni, masikio yetu yanachuja, tunamsikia tunayemtaka. Zile zinaleta vyote pamoja. Kijiko, feni, kiti kinachoburutwa, sauti yangu. Katika shule ya zamani, ile ya mbao yenye vyumba na milango, alikuwa sawa. Walipohamia hii mpya isiyo na kuta, akawa anarudi kichwa kinamuuma, anakwenda moja kwa moja kulala."

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Mwalimu mkuu akasema watoto wote huchukua muda kuzoea. Akanionyesha kijichumba wanachokiita Pango. Akasema, 'Akichoka atakaa humu, palipotulia.' Nikamshukuru." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Nikamshukuru!"

Glenys akasema, "Alipopatikana, masikioni hamkuwa na mashine."

"Waliniambia maji yamezichukua."

"Wewe wasemaje?"

"Zilikuwa na kamba. Klipu nilimbana mwenyewe kwenye kola asubuhi ile. Maji hayafungui klipu."

"Basi alizivua mwenyewe."

"Peke yake? Hata siku moja. Aliogopa kuwa kiziwi mbele ya watu. Alizivua hapa tu, wakati wa kulala, nikiwa nimekaa kitandani kwake. Seerat akizivua mbele yako, ujue amekupa moyo wake."

"Na nani mwingine alipewa moyo huo?"

"Hakuna." Jibu lilitoka haraka. Kisha mama akafikiri, na uso wake ukabadilika. "Ningejua. Mimi ni mama yake."

Glenys aliomba kuazima jozi ya zamani ya mashine za mtoto, pamoja na mrija wa mpira ambao wazazi hutumia kuzisikiliza kama zinafanya kazi. Navneet akavileta vimefungwa kwenye kitambaa safi. Mlangoni akamshika mpelelezi mkono.

"Yule mtu wa pampu, Len Hocking. Ni yeye?"

"Bado sijui."

"Watu wamemvunjia madirisha yote. Mume wangu anasema hakuhusika." Akalegeza mkono. "Namwamini nusu."

*

Konstebo Dougal Rigney, kijana wa Tolarra aliyewajua watu wote wa mji na mbwa wao, aliendesha gari huku akila mkate wa nyama kwa mkono mmoja.

"Ni Len, bosi. Pikapu yake ilionekana mferejini alasiri ile ile. Hana mtu wa kumshuhudia. Na pampu ndiyo iliyowaka ikamvuta mtoto."

"Pampu inajiwasha yenyewe, Dougal, maji yakipungua."

"Ndivyo asemavyo Len."

"Ndivyo isemavyo pampu. Jana nilikaa nayo mchana kutwa ulipodhani nimekwenda kulala."

Dougal akatafuna polepole. "Basi bangili ya shule aliivuaje mtoto? Kile kishikizo chake hata mimi kinanisumbua. Lazima ni mkono wa mtu mzima."

"Hapo hujakosea," Glenys akasema. "Ila mtu mzima yupi, na lini."

Shule mpya ya Tolarra ilikuwa imeshinda tuzo mjini Sydney. Ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa wenye paa lililopinda kama wimbi, vioo pande zote, na zulia la rangi badala ya kuta. Mahali walimu walipokusanya watoto paliitwa Moto wa Kambi. Mahali watoto walipofanya kazi kwa vikundi, kila kundi na vishikwambi vyake, paliitwa Kisima. Pango lilikuwa pembeni, la mtoto anayetaka kuwa peke yake. Kila mtoto alivaa bangili ya plastiki yenye kitambuzi ndani, na walimu watatu wa ukumbi waliona watoto wao wote kwenye skrini, kila mmoja nukta ya kijani. Nukta ikitoka mlango wowote wa nje wakati wa masomo, kengele hulia. Hakukuwa na haja ya kuita majina tena.

Jumanne ile nukta ya Seerat ilikuwa Pangoni tangu baada ya chakula cha mchana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mtoto mwenyewe alikuwa majini.

Mwalimu mkuu Warwick Neale aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu nadhifu aliyekonda ghafla, kola ya shati ikimpwaya shingoni. "Tumeshaeleza kila kitu, Sajini."

"Leo sikuja kuuliza. Nimekuja kusikiliza."

Alisimama katikati ya Kisima, watoto wakiwa kazini, akachomeka mrija kwenye mashine ya zamani ya Seerat, ncha mbili akazitia masikioni. Akafumba macho. Kundi moja lilikuwa likipiga makofi ya hesabu. Kwingine video ya volkano ilikuwa ikinguruma. Kiti kiliburutwa, na Dougal akamwona sajini akishtuka kama aliyepigwa kofi. Mwalimu mmoja, hatua chache tu mbele yake, alikuwa akimweleza mtoto jambo kwa sauti ya upole. Glenys alimtazama midomo muda mrefu. Alipoitoa mirija, macho yake yalikuwa mekundu.

"Yule mwalimu alikuwa anasema nini?"

"Anaeleza sehemu za ua," Neale akajibu.

"Sikupata hata neno. Twende Pangoni."

Pango lilikuwa na mlango wa duara usio na ubao wa kufunga, mito chini, na kuta zilizofunikwa kitambaa cha kijivu. Lakini upande mmoja wote ulikuwa umechukuliwa na makabati ya chuma, na ndani yake kompyuta zikimemeta taa. Katika picha za polisi za jioni ile, koti la kazi la rangi ya buluu lilining'inia kwenye ndoano karibu na makabati. Sasa ndoano ilikuwa tupu.

"Haya ni nini?"

"Makabati ya kuchajia. Kompyuta zilipoongezeka hatukuwa na pa kuziweka. Yana feni ndogo tu za kupoza. Hazisikiki hata."

Kweli, mtu alilazimika kutega sikio ili asikie mvumo huo mwembamba. Glenys akatia mirija, akasikiliza, akaitoa na kumpa mwalimu mkuu. Neale akaitia. Mara moja akaing'oa.

"Ni kama... kama kukaa ndani ya injini ya ndege."

"Na humu ndimo mfumo wenu unasema mtoto alikaa alasiri nzima, ametulia."

Neale aliutazama mrija mkononi mwake kama ulikuwa kiumbe hai.

Glenys akatoa mfuko wa ushahidi wenye bangili iliyokutwa juu ya mto. "Hizi huvalishwaje?"

"Kwa kubana. Tundu la ndani, ili zisichomoke."

"Tazama. Tundu la ndani lina alama, lakini limefifia. La mwisho kabisa, la nje, limelika mpaka plastiki inang'aa. Mkono wa mtoto wa miaka tisa huchomoka hapo bila kugusa kishikizo. Hii si kazi ya siku moja, Dougal. Mtu mzima aliilegeza zamani, na mtoto akawa anaichomoa na kuirudisha mara nyingi sana."

"Len hajawahi kukanyaga humu," Dougal akasema taratibu.

"Hajawahi."

Nyuma ya mito kulikuwa na mlango wa kijivu wenye mtaimbo wa kusukuma. Glenys aliusukuma. Ukafunguka kwa nje, na mwanga wa mchana ukawamwagikia. Mbele palikuwa na mkalitusi mmoja mkubwa, nyasi kavu, uzio wa waya kama wa kuzuia kondoo, na ng'ambo ya uzio ukingo wa mfereji na bomba nene la pampu. Kengele haikulia.

"Inafuata bangili," Neale akanong'ona. "Bangili haikupita."

Kwa nje mlango haukuwa na kitasa. Ukijifunga, aliyetoka haingii tena. Glenys akachuchumaa. Kwenye saruji ya kizingiti palikuwa na mchubuko uliopinda kama mwezi mchanga, uliochimbika kwa kukwaruzwa mara nyingi, na kando yake jiwe bapa lenye ukubwa wa kitabu.

"Nani alilisogeza?"

Dougal akavua kofia.

"Mimi, bosi. Jioni ile ya kutafuta. Nilikuta mlango umeegemezwa jiwe, nikadhani watafutaji wamepita hapo. Nikalipiga teke, nikaufunga. Sikuliandika."

"Utaliandika leo."

"Ndiyo, bosi."

Akamgeukia Neale. "Mtoto huyu alikuwa na mtu wa kukaa naye?"

"Msaidizi wa darasa. Roula Stathis, watoto wanamwita Shangazi Roula. Lakini hahusiki, Sajini. Jumanne ile hakuwepo. Nilimpeleka Adelaide kwenye mafunzo."

"Mafunzo ya nini?"

"Ya bangili."

"Na nafasi yake ilishikwa na nani?"

Macho ya Neale yakaenda kwenye kishikwambi alichokuwa amekikumbatia kifuani.

"Mfumo," akasema.

*

Msanifu wa jengo, Julian Cott, alikuwa amekwisha kufika, akiwangoja kwenye maegesho na michoro aliyoitiwa. Aliitandaza juu ya boneti ya gari, akaizuia upepo kwa viwiko.

"Nataka kujua jambo moja," Glenys akasema. "Ukumbi una milango ya kutosha. Kijichumba kile mlango wa nje ni wa nini?"

Cott alionyesha kwa kidole. "Huu ni mchoro wa kwanza. Hakikuitwa Pango, kiliitwa chumba cha utulivu. Ukuta mnene, mlango mzito wa ndani, na nyuma yake ua mdogo uliozungushiwa tofali. Nilikuwa na dada asiyevumilia kelele. Nilijua mtoto wa namna hiyo haponi kwa kuwekwa chumbani tu. Anataka na anga. Ule mkalitusi ulikuwepo tayari, tukaupimia ua uuzunguke."

"Ua uko wapi?"

Akafunua karatasi ya pili. Mstari wa tofali haukuwepo. "Kamati ilitaka mabasi yapate pa kugeuzia. Na wakasema mtoto aliyejitenga lazima aonekane, basi mlango wa ndani nao ukaondolewa. Kamati iliomba, lakini mkono uliofuta ni huu."

"Mlango wa nje ukauacha."

"Kuuondoa kulitaka idhini mpya ya zimamoto. Nilidhani mlango usio na pa kwenda hautatumiwa na mtu."

"Mtoto akiona mlango, Bwana Cott, anaufungua."

Cott alianza kukunja michoro, lakini haikukunjika vizuri, akaiacha. "Niandike maelezo?"

"Andika. Na usiandike kwa lugha ya ofisini. Atayasoma mama wa Seerat."

*

Roula Stathis alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa mjane wa Kigiriki, mfupi, amevaa nyeusi, nyumba yake ikiwa karibu na banda la kufungia machungwa alikofanya kazi marehemu mumewe. Hakuwauliza wao ni nani.

"Ingieni, wanangu. Kahawa ipo."

"Hatutakunywa, mama," Dougal akasema, kisha akaona aibu. Huyu ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu.

Waliketi. Glenys aliweka kinasa sauti mezani, akataja tarehe na majina, akamweleza Roula haki yake ya kunyamaza. Roula akatikisa kichwa.

"Nimenyamaza vya kutosha."

"Nani aliilegeza bangili ya Seerat?"

"Mimi."

"Nani alimwonyesha jiwe?"

"Mimi."

"Lini?"

"Majira ya baridi, zilipoletwa zile kompyuta. Nilimkuta chini ya meza, kajiziba masikio kwa mikono, na mashine zimo ndani. Alikuwa analia bila sauti, asije akawasumbua wenzake. Analia kwa adabu, Sajini! Ungefanya nini wewe?"

"Anayeulizwa si mimi. Ulifanya nini wewe?"

"Nikamtoa nje. Tukakaa chini ya mti. Nikamwonyesha kwa ishara, vua. Akanitazama sana, halafu akavua, akaniwekea mkononi. Mabega yakamshuka hivi." Alishusha mabega yake mwenyewe. "Tangu siku ile, kila baada ya chakula. Bangili juu ya mto wa Pangoni, mashine kwenye mfuko wa koti langu la kazi, jiwe mlangoni, tunatoka. Tukirudi, alikuwa mtoto mwingine. Anasoma, anacheka."

"Kwa nini hukumwambia mwalimu mkuu?"

"Nilimwambia feni zina kelele. Akasema yeye hasikii kitu. Akaniuliza nimebakiza miaka mingapi ya kustaafu."

"Na mama yake?"

Roula alilikunja na kulikunjua pindo la kitambaa cha meza. "Yule mama alikuwa na hofu nyingi juu ya mtoto. Nilijua atakataa. Nikasema moyoni, wacha nimsaidie kimya kimya, wema hauna haja ya tarumbeta."

"Mlifika mferejini?"

"Hata mara moja! Mtini tu. Lakini siku moja pampu iliwaka. Akaisikia kwa miguu, akaruka. Akavua viatu, akanivuta mkono, anataka kwenda kulishika lile bomba. Nikamwonyesha, leo hapana, kesho. Kesho yake akaomba tena. Nikamwambia kesho. Kila siku nilimwambia kesho."

Dougal alisimama, akaenda dirishani.

"Kabla ya kwenda Adelaide," Glenys akasema, "ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, kesho sipo, usitoke. Nilimwambia katikati ya Kisima, watoto wamejaa. Akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo." Hapo machozi yakamtoka, bila kwikwi, kama maji yanayojaa chombo na kumwagika. "Nimekaa naye muda wote ule. Nilikuwa nikijua kwamba anaitikia hata asiposikia, ili watu wasichoke kumrudia. Nilijua! Na nilikuwa nakimbilia basi."

Aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na koti la buluu. Mfukoni akatoa mashine mbili ndogo za waridi, kamba yake bado imeshikana na klipu, akaziweka mezani karibu na kinasa sauti.

"Nilirudi siku iliyofuata, watu wakilia. Nikalichukua koti pale ndoanoni. Nilipofika nyumbani nikatia mkono mfukoni nitafute funguo." Lililobaki Glenys alilimalizia mwenyewe kichwani. Mtoto alikuwa ameziweka pale pale walipozoea kuziweka, kisha akatoka kwenda kulishika bomba, na pampu ikawaka yenyewe kama kawaida yake. Hakukuwa na mtu mferejini. Hakukuwa na mtu popote.

"Nifungeni," Roula akasema.

"Si mimi ninayeamua. Nitaandika nilichokikuta, jengo na mlango na wewe, na mahakama ya kuchunguza vifo itapima. Lakini kuna Len Hocking. Analala kwa dada yake kwa sababu nyumba yake haina kioo hata kimoja kilichobaki. Hilo ulilijua?"

"Nililijua."

"Kwa jiwe sitakulaumu mimi. Kwa Len nakulaumu."

Roula akainamisha kichwa. Dougal alimsomea maelezo yake, akayatia sahihi kwa herufi kubwa za mtu aliyesoma kidogo. Kisha akasema hataki mama wa mtoto ayasikie kutoka kwa polisi.

Nje, Dougal alimvuta sajini kando. "Bosi, hii haimo kwenye kanuni. Shahidi na mzazi wa marehemu?"

"Najua."

"Wakikuuliza Adelaide?"

"Watakuwa wamefanya vizuri kuuliza. Lete gari."

*

Navneet alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake, akipepeta dengu kwenye sinia. Alimwona Roula akishuka garini, akamfahamu, akatabasamu kidogo kama watu wanavyofanya kwa mtu aliyempenda marehemu wao. Glenys alibaki chini ya ngazi. Tabasamu lile aliliona likiisha polepole, kadiri Roula alivyosema. Roula hakuficha. Alianza na meza na machozi yasiyo na sauti, akamalizia na mfuko wa koti. Mashine alizionyesha ndani ya mfuko wa ushahidi, maana hazikuwa zake tena kumpa mtu.

Navneet aliweka sinia chini.

"Ulimtoa nje kila siku."

"Ndiyo."

"Na mimi hukuniambia."

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa," Navneet akasema. "Ningekataa, ningempigia kelele mwalimu mkuu, mtoto wangu angeendelea kuumwa kichwa, na leo angekuwa ndani humo amelala." Hakupaza sauti. "Umenichukulia mtoto wangu kwa huruma, dada. Sijui mtu anasamehewaje kwa hilo. Usiniombe."

"Siombi."

Mume wa Navneet alikuwa ametokea kwenye safu za michungwa, kilemba chake kimejaa vumbi, akasimama mbali bila kusogea. Roula aligeuka aondoke. Alikuwa ameshika nguzo ya ngazi aliposikia nyuma yake:

"Alifanya nini huko nje?"

Roula akageuka.

"Ulikaa naye saa ambazo mimi sikuwa nazo," Navneet akasema. "Hazimo kwenye picha, hazimo popote. Nyumbani akivua alilala. Huko alifanya nini?"

"Aliimba."

"Seerat hakuimba. Tulimwomba hata hekaluni, akaficha uso kwenye shali yangu."

"Pale mtini aliimba. Maneno hayakuwepo. Alikaa ameuegemea mti, kafumba macho, anaimba kwa sauti kubwa kabisa. Mimi nilimwacha, sikumgusa. Nadhani alidhani akivua mashine, na mimi sisikii."

Navneet alisogea mbele. Akaishika reli ya baraza kwa mikono miwili.

"Ulikuwaje?"

"Wimbo?"

"Ulikuwaje, nakuuliza."

Roula aliifuta midomo kwa kiganja. Akaanza, kwa sauti ya kizee iliyopasuka, sauti moja ikipanda, ikikawia juu, ikishuka kwa mkato. Akakosea, akanyamaza.

Dougal alipiga hatua mbele, amtoe pale. Glenys akamzuia kwa mkono.

"Mwache amalize."

"Endelea," Navneet akasema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, uso umeelekea mbele. "Anzia mwanzo. Polepole, niushike."

Roula akaanza tena.